Mama ana kisukari na daktari mpya amemfutia aspirini: tukirudi kliniki tumuulize nini?

#1 BintiLangoni

Assalamu alaikum wanajukwaa. Mamangu, mkaazi wa Langoni hapa Amu, ana umri wa miaka 64 na ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa muda mrefu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku baada ya chakula cha mchana, pamoja na metformini ya sukari na dawa ya presha. Mwezi uliopita alihudumiwa na daktari mpya, ambaye alilipitia daftari lake, akaipiga mstari aspirini na kuendelea kuandika dawa nyingine bila maelezo mengi. Mama, kwa heshima zake, hakuuliza. Jirani yetu mwenye kisukari, ambaye umri wao ni wa kukaribiana, ameachiwa yake.

Sasa nyumba imegawanyika. Mama mdogo anasema arudie kumeza, la sivyo damu itaganda. Kaka yangu anasema dawa iliyofutwa na daktari isirudi mdomoni. Naomba kuelimishwa kwa nini mgonjwa mmoja apewe na mwingine aondolewe, na tukirudi kliniki tuulize jambo gani hasa.

#2 Nahodha_Matondoni

Waalaikumu salaam binti yangu. Mimi nijuavyo, kila mwenye kisukari aliyepita umri wa makamo anastahili aspirini, kwa kuwa sukari huharibu mishipa na damu ikaganda kwa wepesi. Marehemu baba alipewa tangu siku alipogunduliwa, na hakuwahi kupata kiharusi hadi alipofariki kwa uzee wake. Nisingekubali daktari mgeni aje afute kazi ya waliomtangulia.

#3 TabibuMstaafu_Malindi

Nahodha, ulichosema ndicho tulichokuwa tukikifanya kwa miaka mingi, na sikulaumu kukishikilia. Lakini swali la kwanza ambalo BintiLangoni anapaswa kulijibu ni hili: je, mama yake amewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, au kuwekewa kichuma cha kupanua mshipa wa moyo?

Kama amewahi, aspirini ndogo ya kati ya miligramu 75 na 162 kwa siku inabaki kuwa sehemu ya tiba yake, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuizuia, na hapo wataalamu hawabishani sana. Kama hajawahi, basi tunazungumzia kumkinga mtu na tukio ambalo huenda lisimfike kamwe, kwa dawa ambayo inaweza kumtoa damu tumboni au kichwani. Wagonjwa wawili wenye sukari sawa na umri sawa wanaweza kuwa pande mbili tofauti za mstari huo, na huenda jirani yenu yuko upande mwingine bila nyinyi kujua.

#4 MwalimuWaGede

Naunga mkono #3 na kuongeza takwimu, kwa sababu mabadiliko haya hayakuzuka hewani. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao ASCEND, uliowafuata watu 15,480 wenye kisukari ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala wa mishipa unaojulikana. Nusu yao walipewa aspirini ya miligramu 100 kila siku na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa wastani wa miaka 7.4. Waliopatwa na tukio kubwa la mishipa, kama mshtuko wa moyo au kiharusi, walikuwa asilimia 8.5 miongoni mwa wanaotumia aspirini na 9.6 miongoni mwa wasiotumia. Waliotokwa na damu kwa kiwango cha hatari walikuwa asilimia 4.1 kwa upande wa aspirini na 3.2 kwa upande wa pili.

#5 Kijana_Watamu

Kwa hiyo Mwalimu, utafiti umethibitisha kwamba aspirini haifanyi kazi kwa wenye kisukari. Daktari mpya yuko sahihi na mjadala umekwisha.

#6 MwalimuWaGede

Hapana, Kijana, tusikimbilie huko. Utafiti ulionyesha kwamba inafanya kazi. Ukichukua watu 1,000 kama wale, kwa muda ule wa miaka saba na kitu, 11 hivi waliepushwa na tukio la mishipa, na 9 hivi walitokwa na damu vibaya ambao pengine wasingetokwa. Faida ipo na madhara yapo, na yamekaribiana mno. Ndiyo maana shirika la kisukari la Marekani linasema kwamba kwa asiyewahi kuugua moyo lakini aliye katika hatari kubwa, aspirini inaweza kufikiriwa baada ya mazungumzo ya kina kati yake na daktari, na kwamba kwa waliozidi miaka 70 kwa kawaida hasara inashinda faida. Jopo jingine la Marekani lilisema mwaka 2022 kwamba wenye miaka 60 na zaidi wasianzishiwe aspirini kwa ajili ya kinga hiyo ya kwanza. Tazama vizuri: jopo lilisema wasianzishiwe. Mtu ambaye ameitumia kwa miaka mingi ana swali lake mbali.

#7 Kizingitini_Kwetu

Ahsante Mwalimu kwa hesabu, lakini naomba niseme jambo ambalo hesabu za Uingereza haziwezi kulibeba. Huko mtu akitapika damu usiku, gari la wagonjwa linafika mlangoni. Sisi wa visiwa vya juu, mtu akitokwa na damu baada ya Isha wakati maji yamekupwa, boti haipiti mlango wa bahari wa Mkanda mpaka maji yajae, na hapo ndipo safari ya kwenda Amu inaanza, na pengine kutoka Mokowe kwa barabara hadi Malindi au Mombasa. Nimeshuhudia shangazi yangu akilazwa juu ya godoro ndani ya boti, uso umepauka na viganja vyeupe, huku nahodha akisubiri maji. Alikuwa akimeza dawa za magoti na aspirini kwa pamoja. Mungu alimnusuru. Kwangu mimi, zile 9 za kutokwa na damu zina uzito mwingine kabisa kwa mtu anayeishi Kizingitini.

#8 BiMkubwa_Shela

Kizingitini, nakuelewa, lakini geuza upande wa pili. Mtu akipatwa na mshtuko wa moyo usiku huohuo, boti ni ileile na maji ni yaleyale. Kama umbali unazidisha hatari ya damu, unazidisha pia hatari ya moyo. Sioni umbali unatuamulia vipi.

#9 TabibuMstaafu_Malindi

Hoja zote mbili, #7 na #8, ni za kupelekwa kwa daktari, kwa sababu daktari anayeandika dawa akiwa mjini hajui kwamba mgonjwa analala wapi mpaka aambiwe. Wagonjwa wetu wengi hudhani mambo ya boti na nauli hayahusu tiba. Yanahusu sana.

#10 DukaLaDawa_Barani

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi ni mfamasia hapa Malindi na nimetulia kwenye #7, palipotajwa dawa za magoti. Kabla ya kubishana kuhusu aspirini iliyoandikwa na daktari, naomba kila mmoja ahesabu ile isiyoandikwa na mtu. Vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa madukani, hata katika maduka ya unga na sukari, vina aspirini ndani yake iliyochanganywa na dawa nyingine, na kiasi chake katika kidonge kimoja huweza kuwa mara kadhaa ya ile ndogo ya moyo. Geuzeni pakiti msome.

Tena kuna dawa za maumivu, ibuprofeni na diklofenaki. Hizi zikiambatana na aspirini, hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa na damu inaongezeka, na kwa mwenye kisukari zinaweza kuzidhuru figo ambazo tayari zina mzigo. Ibuprofeni ina tatizo jingine: ikimezwa kabla ya aspirini hukaa mahali ambapo aspirini ilipaswa kushika, na kinga ya moyo ikapungua. Nimewauliza wateja wengi "unatumia dawa gani?" wakanijibu "ya sukari tu", kisha mfuko wa buibui au wa koti ukatoa pakiti tatu za dawa za maumivu.

#11 Nahodha_Matondoni

Mfamasia, tufafanulie basi: aspirini inafanya nini hasa katika damu? Watu wanasema inaifanya iwe nyepesi kama maji.

#12 DukaLaDawa_Barani

Haibadilishi wepesi wa damu, Nahodha. Ndani ya damu kuna chembe sahani, zile zinazoshikana ili kuziba jeraha. Aspirini huzima uwezo wao wa kuitana na kushikana, na chembe iliyoguswa haiponi tena. Inabaki hivyo mpaka mwisho wa uhai wake, ambao ni siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kidonge kidogo kwa siku kinatosha, na ndiyo maana mtu akiacha leo, athari haiondoki kesho asubuhi. Kazi hiyohiyo inayozuia donge lisizibe mshipa wa moyo ndiyo inayozuia donge lisizibe kidonda cha tumbo. Msingi wa utendaji huu ulielezwa na Mwingereza John Vane mwaka 1971, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliotunukiwa tuzo ya Nobel.

#13 BintiLangoni

Shukran nyote. Nimekaa na mama jana usiku na kumsomea maswali yenu, na yametoka mambo ambayo hata sisi watoto hatukuyajua.

Kwanza, ni kweli anatumia diklofenaki ya magoti, ananunuliwa na mjukuu. Pili, miaka kadhaa nyuma, alikuwa barazani akisuka ukili, mkono wa kulia ukalegea na ukili ukamponyoka. Alitaka kumwita dada yake, maneno yakawa hayatoki sawasawa na mdomo ukapinda upande. Kabla ya adhuhuri alikuwa mzima, akamaliza kusuka. Watu walisema ni upepo mbaya, akasomewa, likaisha. Ila alipokwenda kliniki mwezi ule alimtajia daktari wa zamani, na anaamini aspirini ilianza wakati huo. Katika daftari la sasa, ambalo ni jipya, tukio hilo halimo popote.

#14 TabibuMstaafu_Malindi

BintiLangoni, hili linabadilisha mengi na usilisubirishe hadi tarehe ya kliniki. Alichokieleza mama kinafanana sana na kiharusi kidogo cha kupita, yaani mshipa wa ubongo ulioziba kwa muda mfupi kisha ukafunguka. Kama ndivyo, yeye hayuko katika kundi la #4 na #6 hata kidogo. Yuko miongoni mwa waliokwisha kuonywa, ambao kwa kawaida hupewa aspirini au dawa nyingine ya kundi hilo. Daktari mpya huenda alifuta kwa sababu aliona mwanamke wa miaka 64 mwenye kisukari asiye na historia yoyote iliyoandikwa.

Mrudisheni kliniki wiki hii. Msimrudishie aspirini kwa uamuzi wa nyumbani, kwa kuwa hatujui tumbo lake likoje baada ya diklofenaki zote hizo, na hiyo diklofenaki isimame mpaka aonwe. Magoti yakimsumbua atumie parasetamoli kwa kipimo chake. Na Mungu apishie mbali, mdomo ukipinda tena au mkono ukalegea, msimpe aspirini nyumbani. Mkimbizeni hospitali. Kiharusi kinaweza kuwa cha mshipa kuziba au cha mshipa kupasuka, na picha ya kichwa ndiyo inayotenganisha. Aspirini kwa aliyepasuka mshipa ni kuongeza maafa.

#15 Nahodha_Matondoni

Nadhani wote mmeona kwamba tangu #2 nilisema arudishiwe.

#16 MwalimuWaGede

Nahodha wetu, safari hii umeingia bandarini kwa upepo wa mwingine. Ulisema kila mwenye kisukari apewe, na hilo bado si kweli. Huenda mama huyu akastahili kwa sababu ambayo hata wewe hukuijua ulipoandika.

#17 BiMkubwa_Shela

Mimi nina swali la macho. Nina kisukari na nimeambiwa kuna mishipa inayovuja nyuma ya jicho. Jirani alinitisha kwamba aspirini itanijaza damu machoni, nikaificha kabatini. Ni kweli?

#18 TabibuMstaafu_Malindi

Bi Mkubwa, hofu hiyo ilichunguzwa zamani. Utafiti mkubwa wa Marekani wa macho ya wenye kisukari, ambao matokeo yake ya aspirini yalitolewa mwaka 1991, ulitumia miligramu 650 kwa siku, kiasi kikubwa kuliko chako, na haukuona kwamba aspirini inaongeza kuvuja damu ndani ya jicho. Kwa hiyo jicho peke yake si sababu ya kuiacha kwa mwenye kuihitaji kwa ajili ya moyo. Lakini daktari wa macho na daktari wa sukari wote wawili wajue kwamba umeificha, na kwa nini.

#19 Msomi_Mkomani

Nimewahi kusoma kwamba aspirini inashusha sukari. Je, haiwezekani daktari aliifuta kwa kuogopa sukari ya mama isishuke kupita kiasi?

#20 DukaLaDawa_Barani

Kushusha sukari hutokea kwa vipimo vikubwa, vya gramu kadhaa kwa siku, na hapo mtu anayetumia dawa ya sukari kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari kwa hatari. Kwa miligramu 75 sioni kama hiyo ndiyo sababu. Ila mwenye kumeza vidonge vya kichwa mara kwa mara siku nzima, pamoja na glibenklamidi, tena akiwa amefunga, huyo nina wasiwasi naye.

#21 Kizingitini_Kwetu

Na habasoda, kitunguu saumu na uwatu? Kwetu hakuna mwenye sukari asiyetumia kimojawapo, na hakuna anayemwambia daktari kwa kuogopa kufokewa.

#22 DukaLaDawa_Barani

Aambiwe. Uwatu unaweza kuongezea dawa nguvu ya kushusha sukari, na kitunguu saumu kwa wingi, hasa kile cha vidonge, kinaweza kuongeza kutokwa na damu. Kilichomo katika mchuzi hakina neno.

#23 Kijana_Watamu

Nimesoma yote na nimeelewa nilivyosahihishwa katika #6. Naleta kisa cha baba. Yeye ana kisukari na aliwekewa kichuma katika mshipa wa moyo huko Mombasa. Alipotaka kung'olewa jino, mtu mmoja alimwambia aache aspirini na dawa yake ya pili kwa wiki mbili. Tulimpigia daktari wa moyo kwanza, naye akakataa kabisa: alisema damu ya jino hubanwa kwa pamba ikakoma, ilhali kichuma kikiziba ghafla ni kifo. Jino liling'olewa akiwa anaendelea na dawa, akauma pamba muda mrefu kidogo, basi.

Katika kliniki ya sukari tulijifunza kubeba dawa zote katika kikapu, za hospitali, za duka na za mitishamba, tukazipanga juu ya meza ya daktari. Aliondoa mbili palepale.

#24 Msomi_Mkomani

Kuhusu dawa za maumivu, wazee wa Amu mtakumbuka homa ya chikungunya ya mwaka 2004, jinsi viungo vilivyowauma watu mji mzima na kila nyumba ikawa na vidonge. Nadhani mazoea mengi ya kumeza bila kuuliza yalikolea wakati ule.

#25 TabibuMstaafu_Malindi

Inawezekana, ingawa mazoea hayo yapo pia Malindi. Maadamu umeitaja, niongeze kwamba homa ya dengi hufanana na chikungunya siku za mwanzo, na dengi yenyewe huvuruga kuganda kwa damu. Mwenye homa kali pwani hii, awe na kisukari au asiwe nacho, asitulize maumivu kwa aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa. Na aliyeandikiwa aspirini ya kila siku akishikwa na homa hiyo, amwulize daktari siku ileile.

#26 BintiLangoni

Tumerudi kutoka kliniki. Tulifanya kama alivyosema Kijana katika #23, tukamwaga kikapu mezani, na mama akaeleza mwenyewe habari ya ukili na mkono. Daktari alisikiliza vizuri, akamwuliza ulikuwa mkono upi, dakika ngapi, na kama aliona giza. Akaandika yote.

Nilipomuuliza kwa nini alifuta aspirini, alitufungulia ukurasa wa vipimo: hemoglobini ya mama, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa chini, 9.4, akahofia kwamba anavuja damu tumboni polepole. Hakutaka kumtisha, ndiyo maana hakueleza. Sasa amefuta diklofenaki, amempa omeprazoli ya kulinda tumbo, ameagiza kipimo cha choo, cha figo, cha moyo na picha ya mishipa ya shingo, na amesema aspirini au dawa mbadala itaamuliwa majibu yakitoka. Mama anasema choo chake hakijawahi kuwa cheusi. Mnaonaje kuhusu hiyo damu kuwa chini?

#27 DukaLaDawa_Barani

Mimi nabaki na diklofenaki juu ya aspirini. Kuvuja kidogokidogo kunaweza kupita bila choo kuwa cheusi kama lami.

#28 TabibuMstaafu_Malindi

Ningetazama figo kwanza. Kisukari cha muda mrefu pamoja na presha huchosha figo, na figo zilizochoka hupunguza ile homoni inayochochea utengenezaji wa damu. Mgonjwa anaweza kufika 9.4 bila tone lolote kumtoka. Kama ni hivyo, kufutwa kwa aspirini hakukutibu kitu.

#29 MwalimuWaGede

Na metformini ya miaka mingi je? Inafahamika kwamba hupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao hushusha damu na kutia ganzi miguuni, ganzi ambayo wengi huihesabu kuwa ni ya sukari yenyewe. BintiLangoni, omba B12 ipimwe pamoja na vingine kama inapatikana.

#30 Kizingitini_Kwetu

Ahsanteni. Nami nina langu. Mke wangu ana miaka 52, ana kisukari na presha isiyotulia, hajawahi kuugua moyo wala kiharusi, na hana aspirini. Baada ya uzi huu nimuombee kwa daktari au nimuache?

#31 TabibuMstaafu_Malindi

Anza na presha, ndugu yangu. Presha iliyo juu ni miongoni mwa mambo yanayofanya aspirini iwe ya hatari kwa ubongo, na kuishusha peke yake kutamkinga na kiharusi zaidi ya kidonge hicho. Umuulize daktari pia kuhusu statini, dawa ya mafuta ya damu, ambayo kwa mwenye kisukari wa umri wake hupendekezwa hata kama hajawahi kuugua moyo. Kisha aspirini iulizwe ya mwisho, na mkiiuliza mwambieni kwamba mnaishi Kizingitini.